Kichwa inajaa ukungu, na bamama ba AVEC banasema nimekula franga yabo

Jambo Tantini,

Niko mama wa miaka 41, niko hapa Bukavu, Kadutu, niko na batoto bane na bwana yangu anatafutaka na moto (pikipiki). Usiandike jina yangu, juu bamama ba kwetu banasomaka safu yako kila siku ya posho na shida yenyewe nusu yake inatoka kwabo.

Mimi njo sekretere wa AVEC yetu, kile kikundi ya kuweka franga na kukopeshana. Tuko bamama 24, tunakutana kila siku ya tano nyuma ya kanisa. Zamani balikuwa bananiita Mama Ordinatere, juu nilikuwa najua kila mutu ameweka parti ngapi, nani amekamata deni, nani amebakisha ngapi, yote kwa kichwa, bila kufungua kaye. Ata zile karne, tudaftari twa kila mama twa kugonga kashe (muhuri), tuliziachaka, bamama balisema ya nini kupoteza wakati, Ordinatere si eko.

Sasa hii mwaka kichwa imekufa. Inaanzaka asubui, nafungua macho lakini bongo ingali inalala, iko sawa ile ukungu inashukiaka ziwa, unajua kama Nguba iko pale lakini hauione. Naingia mu chumba nasimama, nilikuja kutafuta nini? Namuita mutoto wa tatu jina ya wa kwanza, napitia bote bane, naishia kumuita jina ya mbuzi. Batoto banacheka. Siku ya kwanza nilicheka nabo.

Mwezi yenye imepita mama moja akaleta dola 45 ya deni yake, akanipatia mu mukono mbele ya batu, na mimi sikumbuke. Sikuandika mu kaye. Tulifungua kesi, ile sanduku ya franga, hatukuiona. Kisha siku tisa nikaikuta nyumbani mu kopo ya unga ya mihogo, ni mimi mwenyewe nilikuwa nimeiweka mule, bwana yangu anasema aliniona nikifanya vile na mimi sina ata picha yake mu kichwa. Nikairudisha mbiombio. Njo ikaharibika zaidi, juu sasa banasema niliiba nikaogopa nikarudisha.

Ugonjwa yangu ni rimatisi ya vidole, iko na miaka mitatu. Mikono yote mbili inavimba, asubui siwezi kufunga vifungo vya bluzi, kopo ya tomati nampatia mutoto afungue, mpaka saa ine jua ikipanda njo vidole vinaanza kulegea. Docta moja alisemaka ni poliartriti akaniandikia kompirime za kunywa mara moja tu kwa juma, nikakunywa mwezi moja, sikuona kitu, na bei ilikuwa inaumiza kuliko vidole, nikaacha. Sasa jirani akanieleza kama ukungu ya kichwa inatokaka ku inflamasio, ule uvimbe na moto ya ndani ya mwili, ukiuwa inflamasio na kichwa inafunguka. Nikasema basi nitaiuwa. Kwa hiyo Tantini nakunywa diklofenaki ya 50, zile za butike, mbili asubui mbili magaribi, iko na miezi mitano sasa, na deksa (deksametazoni) mbili asubui iko na miezi mbili, ile bamama banakunywaka kwa kunenepa, na sitakudanganya ile juma ya kwanza kichwa ilifunguka nikasema Mungu ni mukubwa, kisha ikafunga tena, na usiku usingizi ikakataa njo nikaongeza prometazini moja ya kulala, na niko na bidon ya litre tano yenye napikamo kurkuma (binzari) na tangawizi na pwavre (pilipili manga) na ndimu, nakunywa kikombe mara tatu kwa siku, bidon imekuwa manjano mpaka haioshekake tena, na majani ya mubirizi pia juu inasafishaka damu.

Pembeni ya hiyo sina shida mingine. Tumbo inaungua kidogo, na kupanda kutoka soko roho inapiga mbio nasimama mara tatu, na choo inatoka nyeusi sawa makala lakini nafikiri ni mubirizi inasafisha.

Muke wa shemeji yangu anasema ni karuho, sumu ya kurogwa. Banipeleka kwa mutu mwenye anatapishaka, nikatapika mpaka machozi, kichwa haikufunguka.

Swali yangu ni hii, niongeze nini? Mu farmasi kuna omega 3 ya dola 18, na kuna mutu anauzisha kapsuli za kurkuma kutoka Ulaya dola 30. Nikamate gani? Na bamama nibaambie nini, mukutano iko siku ya tano.

Mama Ordinatere, Kadutu


Mudogo wangu,

Nakuita mudogo juu nimekupita na mbali, na miaka 26 ya ile yenye nimekupita niliifanya enfirmye wa zamu ya usiku. Bengine mwenye banasoma hapa bajue kwanza kama huyu mama hakungojea siku ya posho. Ile siku barua yake imefika niliisoma mpaka mustari moja yenye ameandika haraka haraka sawa vile mutu anafagia uchafu chini ya mukeka, ile ya choo nyeusi, nikaacha kusoma, nikamutumia ujumbe. Wacha diklofenaki sasa hivi, ata moja usikunywe tena. Weka dawa zako zote mu mufuko moja. Bwana yako awashe moto muende hopitali leo. Deksa usiikate wewe pekee yako, muonyeshe docta. Akanijibu neno mbili tu, «tuko njiani».

Sasa nitaeleza juu ya nini nilikuwa na haraka vile, juu najua mu hii muji kuna bamama mia wenye beko na mufuko sawa na yako chini ya kitanda.

Damu ikitoka mu estoma inapikwa na asidi mbele ya kufika chini, kwa hiyo haitoke nyekundu, inatoka nyeusi, inanata, na iko na harufu yenye ukiisikia mara moja hautaisahau ata na ukungu yote ya ziwa. Mubirizi ni majani ya kijani. Kurkuma ni manjano. Kati yabo hakuna mwenye anatoa makala. Kompirime za fer (chuma) zinaweza kuifanya nyeusi, ni kweli, lakini wewe haukuandika fer mahali.

Diklofenaki ya 50 mara ine ni 200 kwa siku. Mwisho yenye docta anaruhusuka ni 150, na ata hiyo siyo ya miezi mitano bila mutu kuangalia. Hii dawa inafunga mashini yenye inatengeneza prostaglandini. Prostaglandini njo zinaleta maumivu na uvimbe mu kidole, lakini hizo hizo njo zinachungaka ngozi ya ndani ya estoma, na zinasaidia damu kufika muzuri ku figo. Ukizifunga, kidole inapumzika na estoma inabaki uchi. Sasa weka deksa juu yake. Ku zamu ya usiku bale tulikuwa tunapokea na kidonda ya estoma yenye inatoa damu, ukibauliza muzuri, bengi balikuwa na hizi mbili pamoja, ya kwanza ya mugongo ama magoti, ya pili ya «kuongeza mwili».

Angalia tena barua yako na hii jicho. Damu inatoka kidogo kidogo, emoglobini (kipimo ya wingi wa damu) inashuka, roho inapiga mbio kwa kupanda kutoka soko. Na kichwa ya mutu mwenye damu imepungua inakuwa namna gani? Nzito. Inasahau. Inataka kulala saa ine ya asubui. Unakunywa dawa ya kutosha ukungu, na dawa yenyewe iko inaongeza ukungu.

Jirani yako hakudanganya yote, tusimuonee. Mwili ikipigana na kitu, chembe zake za ulinzi zinatuma bajumbe, badocta banabaita sitokini, moja jina yake IL-6, ingine TNF. Habari ikifika ku bongo, bongo inashusha mwendo makusudi: hautake chakula, hautake batu, maneno inachelewa kufika ku mudomo. Kumbuka ile siku moja mbele ya malaria kupanda, homa haijafika lakini kichwa tayari imekuwa ya mutu mwingine. Ni hiyo. Shida ni kama malaria ukiitunza inaisha siku chache, na poliartriti haiendake kwabo, inakaa, bajumbe banapita kila siku. Ni vile pia kwa batu ba lupus, na kwa bamoja wenye balipataka Covid na mpaka leo kichwa haijarudi muzuri. Kwa hiyo inflamasio na ukungu beko ndugu, hapo jirani alisema sawa.

Penye alipotea ni kufikiri kama kila dawa yenye imeandikwa «anti-inflamatwari» inauwa ile moto. Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni, hizi zinashusha maumivu na uvimbe ya leo. Ugonjwa yenyewe haiguswe, vifundo vinaendelea kuliwa chini kwa chini ata kama hauumwe. Na kuhusu bongo, Marekani balijaribu: bakakamata bazee, bakabapatia naprokseni ama selekoksibu waone kama zitazuia ile ugonjwa ya kusahau ya Alzheimer. Bakaanza 2001, mwisho wa 2004 bakasimamisha, na dawa haikuwachunga bongo.

Yenye inagusa moto yenyewe ni ile uliyoacha.

Ndiyo, ile ya mara moja kwa juma. Kwa poliartriti, dawa ya mara moja kwa juma karibu kila mara ni metotreksati. Ile dawa haina haraka, inaomba majuma sita mpaka kumi na mbili mbele ujue kama inakusaidia, na wewe ulimupa mwezi moja ukamufukuza. Sikulaumu, hakuna mwenye alikuelezaka, docta aliandika, ukalipa, ukatoka. Lakini rudi umuulize, Panzi ama hopitali ya provense, uliza docta wa medesini interne, na usirudilie ile kompirime za zamani zenye zilibaki mu kabati, juu mbele ya kuianza banapimaka kwanza damu, maini na figo, na yako sasa haziko sawa na ya zamani. Wenye banakunywa metotreksati banapewaka asidi foliki pembeni, haikunywewe na mimba, na kasiksi, pombe ya ndizi, pia itabidi uiage, maini haiwezi kubeba bote babili.

Na hapa nakuomba kitu sawa vile naomba mutoto wangu. Metotreksati ni mara MOJA kwa juma. Mutu mwenye ukungu mu kichwa anaweza kuikunywa kila siku bila kujua, na kila siku inauwa, siyo maneno ya kutisha, inauwa kweli. Andika siku ku boate na marker, herufi kubwa, SIKU YA YENGA, na bwana yako njo akae na boate, wewe ukae na kikombe ya maji tu.

Deksa sasa. Juma ya kwanza kichwa ilifunguka, na naamini, haukuota. Deksa inashusha inflamasio kweli, na nguvu, na tena inamupatiaka mutu furaha yenye haina sababu, unafagia kiwanja saa kumi na moja ya asubui unaimba. Kisha inakuja kudai. Inakata usingizi, inapandisha sukari na tasio (presha), inakula mifupa, na ikikaa inaharibu kukumbuka yenyewe. Na mwili ikizoea kuipata mu kompirime, inaacha kutengeneza yake, kwa hiyo kuikata mara moja kisha miezi mbili unaweza kuanguka, tasio inashuka chini kabisa. Njo nilisema usiikate pekee yako. Docta atakushusha ngazi kwa ngazi. Na bale banaiuzisha mu butike karibu na sukari na sabuni, eti ya kunenepesha, nabaachia Mungu, mimi nimechoka kubaongelea.

Prometazini. Haukulala juu ya deksa, ukaongeza prometazini juu ya kulala. Ni dawa ya kizamani ya mizio na ya kutapika, inaletaka usingizi, ndiyo, lakini haitokake mu damu asubui jogoo akilia. Inaendelea mpaka kesho yake mu muchana, na inafunga ile kitu bongo inatumiaka kwa kukamata mambo mapya. Ile dola 45 ulipewa saa ngapi? Naweza kubeti ilikuwa asubui.

Tufike ku bidon, juu najua njo ile unapenda.

Kurkuma siyo uongo. Iko na kitu yenye inaitwa kurkumini, na mu maabara inashusha inflamasio muzuri. Lakini fanya hesabu na mimi, wewe uko Ordinatere. Mu unga ya kurkuma, kurkumini iko karibu 3 kwa 100. Kijiko moja ya chai ni karibu gramu tatu za unga, kwa hiyo unapata gramu 0,1 tu, siyo zaidi. Na hiyo kidogo, tumbo inaipitisha chini karibu yote, damu inaona kivuli yake. Pwavre inasaidia, aliyekuambia uweke pwavre anajua kitu, huko India 1998 balipima bakakuta piperini ya pwavre inapandisha kurkumini mu damu mara 20. Lakini ile mulango yenye piperini inafungua inafunguka kwa dawa zingine pia, zinapanda mu damu kuliko vile docta alihesabu, na mutu mwenye anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda ama ya kifafa asicheze na mukorogo ya vile.

Kwa hiyo kapsuli ya dola 30 hapana. Ni kurkumini nyingi na piperini ndani ya kapsuli moja, na kuna batu Ulaya na Marekani maini yabo ilivimba kwa hizo kapsuli, macho yakakuwa manjano sawa bidon yako. Na wewe uko unaenda kuanza dawa yenye maini njo inabeba.

Kitu ingine kuhusu kurkuma ya unga yenye rangi inawaka sana. Bangladesh balikuta bachuuzi banaongezamo rangi ya manjano yenye iko na risasi (ile metali nzito) ndani, kromati ya risasi, juu ikae muzuri ku macho ya muteja, serikali ikabakamata kwa nguvu 2019. Risasi inaharibu bongo. Fikiri mutu anakunywa vikombe vitatu kwa siku kwa kufungua kichwa na ndani muko kitu ya kufunga kichwa. Ya kwako sijasema iko vile. Ila nunua mizizi ku soko, zile zenye ukizivunja ndani ni rangi ya machungwa, uzioshe, uzitwange mu kinu yako. Tangawizi pia haina ubaya, mu chai, mu sambaza (dagaa). Lakini ile wakati estoma ingali na kidonda, ndimu na tangawizi na pwavre vikombe vitatu kila siku ni kumwanga pilipili ku kidonda. Bidon ipumzike kwanza, mpaka docta aseme estoma imepona. Mubirizi pia ipumzike, ikuwe peke yake siku ingine, sasa hivi tunatafuta kujua nini inafanya nini na dawa mingi vile mu tumbo moja haziseme kitu.

Omega 3 ya dola 18, hapana pia, siyo juu ni mubaya. Mafuta ya samaki inasaidia vidole vya poliartriti kidogo, lakini kwa kipimo kubwa, karibu gramu tatu za omega kwa siku, na kapsuli moja ya kawaida haifikake ata nusu gramu, ile boate itaisha mu juma moja na nusu. Kula sambaza. Ziliingia mu ziwa yetu 1959, balizitosha Tanganyika, na sasa tunazila sawa vile zilikuwaka hapa tangu Adamu. Sambaza, maharagi, lengalenga, na kama damu imepungua usikunywe chai pamoja na chakula, chai inazuia chuma ya chakula isiingie, ngoja ata saa moja.

Hizo dola 48 zenye ulitaka kununulia kapsuli peleka labo. Emoglobini kwanza, kwa mama mwenye hana mimba chini ya 12 ni damu imepungua, na sisi wa mulimani, karibu meta 1 500, tunapaswa kuwa juu kidogo ya hapo. Kreatinini ya figo juu ya ile miezi mitano ya diklofenaki. Sukari juu ya deksa. CRP, hiyo njo inaonyesha moto ya ndani ni kubwa namna gani. Tiroide, ile tezi ya shingo, juu tiroide yenye imelala inaletaka ukungu sawa sawa na hii na batu bengi hawaipimake. VIH (virusi ya ukimwi) pia, usikasirike, ni kipimo ya kila mutu. Na tasio, yenye ni bure karibu kila mahali. Vidole vikiuma wakati hii yote inaendelea, parasetamoli, gramu moja mpaka mara tatu kwa siku, isipite gramu ine, haigusake estoma.

Karuho sitaongea mingi. Kutapisha mutu mwenye kidonda inatoa damu mu estoma, unaweza kumupasua. Muke wa shemeji yako anakupenda, lakini asikupeleke tena kule.

Bamama.

Nilisoma ile ya kopo ya unga ya mihogo nikaweka simu chini. Najua kile kitu ya kuwa mutu mwenye batu banamutegemea kwa kichwa yake, na kichwa inamukimbia mbele ya batu. Lakini sasa niruhusu nikugombeze kidogo, na nabagombeza bote 24 pamoja na wewe. Kesi ya AVEC iko na kofuli ngapi? Tatu. Na funguo zinakaa kwa batu batatu. Karne za kugonga kashe ni za nini? Mutu mwenye alitengeneza AVEC alijua kama kichwa ya mutu moja inakufaka, inalewaka, inazeekaka, inagonjwaka, njo akaweka kofuli tatu na kashe ku karne ya kila mama mbele ya macho ya bote. Ninyi mukavitupa juu muko na Ordinatere. Ata ungekuwa muzima kabisa, siku moja ingetokea.

Siku ya tano enda mapema, kaa na prezida mbele ya bengine kufika, muonyeshe karatasi za labo na ordonansi. Kisha usimame wewe mwenyewe, usiongee mingi, sema «bamama, niko mugonjwa, damu imepungua, dawa zilinifunga kichwa, dola 45 niliiweka mahali nikasahau, bwana yangu aliniona, na leo naomba turudilie karne». Bwana yako akuje aseme yenye aliona. Omba mama mwingine ahesabu kwa sauti, wewe uandike, wa tatu atie sahihi, kila franga yenye imeguswa ku meza isitoke ku meza mbele ya kuandikwa. Na muomba mukutano ianze saa tisa ya mangaribi siyo saa mbili ya asubui, vidole vyako na bongo yako vinafungukaka wakati moja, umeiona wewe mwenyewe.

Kuko mmoja atasema tu unajitetea. Muache aseme, karne itamujibu kila juma.

Na nyumbani, funguo, simu, na franga ya kesho, vyote mu kikapu moja karibu na mulango, hakuna kuweka kitu mu kopo ya unga tena. Mbuzi ubakize na jina yake.

Tangu «tuko njiani» sijasikia tena. Nitumie namba ya emoglobini ukiipata, ata kama ni saa sita ya usiku, niko nimezoea.

Tantini